Sura ya Sita: Usingizi wa Prosesa

Bryson alikiri kabla hajaulizwa. Inspekta Zuleha ndiyo kwanza alikuwa anavuta kiti, mvua ya masika inadondoka juu ya bati la kituo, kijana akasema kwamba yeye ndiye aliyemuua yule mwanamke wa ng'ambo ya mto, iandikwe hivyo, naye atatia sahihi.

Zuleha hakuandika. Alikuwa kwenye dozi ya malaria tangu juzi, na dawa ilimfanya asikie kila kitu kama kinatoka chumba cha pili: mvua, kengele za baiskeli barabarani, sauti ya huyu kijana mwembamba ambaye mkono mmoja wa miwani yake ulifungwa kwa uzi. Alimwambia aanze mwanzo, asiruke kitu, na amweleze kama anavyomweleza mtu ambaye kompyuta anaijua kwa kuandikia ripoti tu.

Bryson Mhina alikuwa fundi wa Mwambao Data, kampuni iliyoweka mashine moja kubwa ndani ya ghala la zamani la mkonge, karibu na reli, na kuwakodishia watu wenye kazi mbalimbali. Kwa nje, alieleza, mashine ile ni moja, kabati refu jeusi. Kwa ndani imegawanywa vyumba. Kila mteja ana chumba chake, hakioni cha jirani, na kila chumba kina mgao wake wa prosesa, ambazo ndizo zinazofanya kazi ya kufikiri. Chumba chenye prosesa za kutosha kinajibu watu wengi kwa mpigo. Zikipungua, watu wanapanga foleni.

Chumba alichokitunza Bryson kilikuwa cha Nusura, chama cha kujitolea chenye boti na magari ya wagonjwa kuanzia mjini Tanga hadi vijiji vya Pangani. Mtu akipiga simu, mashine inatambua anapiga kutoka wapi, inatafuta boti au gari lililo karibu, inamwita nahodha au dereva. Jumamosi iliyopita, mchana, lori na basi dogo viligongana Pongwe, na karibu kila aliyeona alipiga namba hiyo hiyo. Simu zikarundikana. Ndani ya rundo lile ilikuwamo simu iliyotoka kijiji kimoja mbele ya Ushongo, ambako Asmahani, aliyejifungua salama asubuhi kwenye zahanati, alikuwa anavuja damu isiyokatika. Nesi alishafanya yote aliyoyaweza. Boti ya Nusura ilikuwa imefungwa Pangani, nahodha yumo ndani na koti lake la mvua, na hakuna aliyemwita. Magharibi haijaingia, Asmahani akafariki. Mtoto alikuwa mzima.

Zuleha alimuuliza kosa lake yeye liko wapi hapo.

Bryson akaeleza kwamba mtengenezaji wa mashine kama ile huweka ndani prosesa nyingi kuliko alizonunua mteja. Zilizolipiwa ziko macho. Zilizobaki zimelala humo humo ndani ya chuma, hazifanyi kitu. Mteja akizihitaji, mtengenezaji hutoa msimbo, mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, ukiingizwa prosesa zinaamka, ama kwa muda wa majaribio ama moja kwa moja. Zile za Nusura aliziomba yeye Bryson, kwa majaribio, masika yalipokaribia. Baadaye aliomba ziamshwe moja kwa moja, kisha kazi zikamwingilia, hakufuatilia jibu. Jumamosi mchana akatazama kioo cha kompyuta yake akaona chumba cha Nusura kimebaki na prosesa za kuhesabu kwa vidole.

"Muda wa majaribio uliisha," alisema. "Zilirudi kulala. Nilipaswa kufuatilia, afande, na sikufuatilia."

Alimpigia simu mkuu wake, Injinia Masoud. Masoud akaja mwenyewe, akamwambia muda umekwisha, hakuna la kufanya, na kwamba ameharibu vya kutosha, aende nyumbani. Bryson akaenda. Usiku aliposikia habari za Asmahani alirudi mjini kwa miguu na kujisalimisha kituoni.

Nje, kwenye benchi, mama yake Bryson, Anjela, alikaa na chupa ya chai na mihogo iliyofungwa kitambaa. Alikuwa ametoka Pongwe alfajiri. Hakumuuliza Zuleha chochote. Alisimama tu alipopita, kama watu wanavyosimama kanisani, kisha akaketi tena.

Mkuu wa upelelezi alitaka jalada mezani kabla ya jioni. Mtuhumiwa amekiri, sababu inaeleweka, kesho asubuhi apelekwe mahakamani kwa kuua bila kukusudia. Zuleha alijibu kwamba jalada atalipata. Ila alikuwa hajamsikia bado mkuu wa kijana, akaomba aende.

*

Ndani ya ghala kulikuwa na baridi ya ajabu. Nje mji ulikuwa ukifuka mvuke, lami inatoa moshi kama ugali ulioepuliwa, na humu ndani mtu alitamani kujifunika. Harufu ya mkonge ilikuwa haijatoka kutani baada ya miaka yote ile. Mashine ilivuma nyuma ya kioo kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, na Koplo Castory, aliyemwendesha Zuleha, aliegemea mlango akaanza kusinzia amesimama.

Injinia Masoud alikuwa mtu wa makamo, shati limepigwa pasi, ndevu fupi zimechongwa kwa uangalifu. Aliagiza kahawa. Alisikitika kwa msiba, na alisikitika kwa Bryson pia. Kijana mzuri, alisema, ila ana haraka, na kazi hii haitaki haraka.

Zuleha alimwomba amfafanulie jinsi prosesa zinavyogawanywa. Hapo Masoud alichangamka. Alisema mafundi wake wa mwanzo walikariri maneno ya Kiingereza kama kasuku, wakawa wanafungua hiki wakidhani wanafunga kile. Akakaa chini akawatafutia maneno yao wenyewe. Kila anayeajiriwa, kabla hajagusa kibodi, lazima ayaseme mbele yake. Prosesa isiyolipiwa imelala. Inayofanya kazi iko macho. Kuitoa usingizini ni kuiamsha, na haiamshwi bila msimbo wa mtengenezaji. Halafu kuna kuazima: chumba kimoja kina nafasi, kingine kimebanwa, basi prosesa zilizo macho zinahamishwa kutoka huku kwenda kule. Hapo hakuna msimbo, hakuna kumwomba mtu. Ni yeye tu anayeweza, kwa kuwa ndiye pekee anayeiona mashine nzima. Wengine kila mmoja anaona chumba chake.

"Watu wanadhani napenda maneno," alisema. "Si hivyo. Neno likilegea, mkono nao unalegea. Mtu akisema 'zima' badala ya 'laza', siku moja atazima."

Zuleha alisema ni kweli. Akamuuliza kilichotokea Jumamosi. Masoud akarudia yale aliyoyasema Bryson, karibu kwa mpangilio ule ule: majaribio yamekwisha, prosesa zimelala, ajali ya Pongwe imeongeza simu, chumba kimezidiwa. Hakuongeza wala hakupunguza.

Zuleha alikuwa ameshasimama kuaga alipouliza Nusura walipata lini nguvu yao tena.

"Siku ile ile," Masoud alisema, akimfungulia mlango. "Magharibi walirudishiwa zote."

*

Mvua ilikuwa imekatika. Barabara ya kwenda mjini ilijaa baiskeli, wenyewe wakipedali polepole katika mvuke, wengine na miavuli, wengine na watoto mbele, kimya, kama watu wanaoogelea. Zuleha aliegemeza kichwa kwenye kioo. Dawa ilimvuta usingizini, na kitu kingine kikawa kinamvuta kumrudisha.

"Castory," alisema. "Mwanao akilala, asubuhi unamfanya nini?"

Koplo alimtazama kwenye kioo cha ndani. "Namwamsha, afande."

"Humrudishi."

"Namrudisha wapi?"

"Na kitu unachorudisha, ni kitu gani?"

Castory alifikiri mpaka wakafika kwenye mzunguko. "Kitu cha watu," alisema.

Zuleha alimwambia akaze mwendo kwenda kituoni.

Bryson alitolewa mahabusu akaletwa tena kwenye chumba kile kile. Zuleha alimuuliza jambo moja: Jumamosi magharibi, nani aliingiza msimbo wa kuziamsha prosesa za Nusura? Kijana alisema bila shaka ni Injinia Masoud, maana yeye alikuwa ameshaondoka. Akamuuliza msimbo hutoka wapi. Bryson akajibu kwamba hutoka kwa wakala wa mtengenezaji, ofisi yake iko Dar es Salaam. Kisha akavua miwani.

"Jumamosi hawafungui, afande," alisema. "Sijui kwa nini sikulifikiria hilo."

"Ulikuwa unafikiria kingine."

Bryson alimpa namba ya wakala, Zuleha akapiga. Aliyepokea alikuwa mwanamke mwenye sauti ya mtu anayekula kitu taratibu. Alimsikiliza Zuleha mpaka mwisho, akaomba dakika, akarudi. Alisema kwa mashine ile ya Tanga hakuna msimbo wowote uliotolewa Jumamosi, wala Ijumaa. Wa mwisho ulitolewa mwanzoni mwa wiki ile. Ulikuwa wa kuamsha moja kwa moja, kwa ombi lililotiwa jina la Bryson Mhina, na ulitumwa kwa mkuu wa mashine, Injinia Masoud, kama utaratibu unavyotaka. Mashine yenyewe ilitoa taarifa siku hiyo hiyo kwamba umepokelewa.

"Kwa hiyo tangu siku hiyo," Zuleha alisema, "zile prosesa haziwezi kulala?"

Mwanamke alicheka kidogo. Alisema dada, zile zimeshanunuliwa, zitalala siku mashine yenyewe itakapokufa.

Zuleha alikata simu. Bryson alikuwa amesikia upande mmoja tu wa mazungumzo, lakini ulimtosha. Alikuwa amekunja ngumi zake mapajani na anazitazama kana kwamba si zake. Ombi lake lilikuwa limekubaliwa. Hakukuwa na majaribio yoyote ya kwisha.

"Basi Jumamosi zilikuwa macho," Zuleha alimwambia. "Zilikuwa chumba gani?"

Kijana alitikisa kichwa. Yeye huona chumba cha Nusura peke yake. Vyumba vingine anavijua kwa majina ya wateja tu: duka la dawa za jumla, kampuni ya mizigo, shule mbili, Bahati Pwani.

Castory alikohoa mlangoni.

Zuleha aligeuka. Koplo alikuwa ameinamisha uso, anasugua kidole gumba kwenye mkanda wake. Alisema hajui kama hili ni la upelelezi. Bahati Pwani ni kampuni ya kubeti mpira. Yeye hubeti, si sana, na mkewe hajui. Siku za mechi kubwa ule mtandao wao hukwama, unabonyeza jina la timu na kinachozunguka kinazunguka tu mpaka kipenga kinapigwa na wewe bado uko nje. Jumamosi ilikuwa mechi kubwa kuliko zote za msimu.

"Na haukukwama?"

"Ulikuwa mwepesi, afande. Nilibonyeza, ukaitika kabla sijaondoa kidole. Hata jirani yangu alisema leo wamefanya nini hawa."

Mvua ilianza tena, nyembamba, mtu asingeweza kujua kama inanyesha au ni ukungu unaotembea.

*

Masoud alikuwa anaswali walipofika. Zuleha alimngoja nje ya kioo, akitazama taa ndogo za kijani zikipepesa kwenye kabati jeusi. Hazikuonyesha tofauti yoyote. Chumba cha wagonjwa kilikuwa humo, na chumba cha wacheza kamari, na shule, na dawa, vyote vinapumua pumzi moja.

Injinia alipotoka, alisoma nyuso zao akaenda kuketi bila kuagiza kahawa.

Zuleha hakumweleza alichokijua. Alimwambia tu kwamba kuna neno moja alilitumia asubuhi ambalo halikumwingia vizuri, akaomba afafanuliwe, kwa vile yeye ndiye mwenye maneno. Masoud alisema Nusura walirudishiwa. Kitu kilicholala huamshwa. Je, kurudishiwa ni nini?

Masoud alifungua mdomo. Ilionekana ana jibu, na kwamba jibu lenyewe ni jepesi: ulimi umeteleza, afande, ni msemo tu. Mtu mwingine yeyote angelisema. Lakini alikuwa ametumia miaka mingi akiwafukuza watu mlangoni pale kwa kuteleza ulimi, na jibu halikutoka.

"Umeongea na wakala," alisema mwishoni.

"Nimeongea naye."

Alivuta pumzi. Akaeleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza ndoto, na Zuleha aliandika.

Bahati Pwani walikuwa wamemwambia wazi kwamba mashine ikikwama tena siku ya mechi wanahamia Dar. Prosesa zilizo macho zilikuwa zimekwisha kugawanywa zote. Kuamsha nyingine kungehitaji msimbo, na wenye kampuni hawakutaka kununua. Jumamosi baada ya swala ya adhuhuri alikaa mbele ya kioo chake, akaangalia vyumba vyote kwa pamoja. Mvua inanyesha, watu wako majumbani, mji umelala. Chumba cha Nusura kilikuwa na mgao mkubwa na hakikuwa kinatumia hata robo yake.

"Kilikuwa kimetulia," Masoud alisema. "Nilitazama muda mrefu. Hakikutikisika. Nikaona ni kitu kikubwa kimekaa bure."

"Hakikukaa bure. Kilikuwa kinangoja watu."

"Najua."

"Ulijua Jumamosi?"

Aliendelea. Alizihamishia Bahati Pwani, akabakisha kidogo ili taa ya Nusura isigeuke nyekundu, akaenda nyumbani kula. Alipanga kuzirudisha kipenga cha mwisho kikilia. Alikuwa bado mezani Bryson alipompigia. Alipofika akakuta foleni ya simu za Pongwe.

Zuleha aliinua kalamu. "Ulipoikuta foleni, mechi ilikuwa haijaisha."

"Ilikuwa haijaanza."

"Na hukuzirudisha."

Masoud alitazama mikono yake. Alisema alidhani ni ajali moja, watu wengi wanapigia jambo moja, gari moja likienda inatosha, foleni itajimaliza yenyewe. Hakujua kwamba katikati yao kuna mtu mwingine mwenye jambo lingine. Foleni haionyeshi sura za watu.

"Na Bryson?"

"Sikumsingizia," alisema haraka, mara ya kwanza sauti yake kupanda. "Kijana alijilaumu mwenyewe. Mimi nilimwitikia tu."

Nyuma yao mashine iliendelea kuvuma. Zuleha aliweka kifuniko cha kalamu, akasimama, akamwambia Masoud kwamba yuko chini ya ulinzi, na akamwambia kwa nini. Masoud alichukua kofia yake mezani, akaishika, hakuivaa. Mlangoni alisimama akauliza kama anaweza kumwachia mtu nywila ya mashine, maana hakuna mwingine anayeijua, na wagonjwa wako humo. Zuleha alimpa karatasi. Ilimchukua muda kuandika.

Bryson aliachiwa jioni hiyo. Hakuruka wala hakulia. Mama yake alimmiminia chai pale pale kwenye benchi la kituo, naye akainywa yote akiwa amesimama. Kisha akamwomba Zuleha amchukue kesho waende wote Bweni, alikozikwa Asmahani, aombe radhi. Zuleha alikataa. Alisema safari hiyo ina wenyewe, na kazi ya Bryson usiku ule ni kukaa na ile karatasi ya nywila, kuhakikisha chumba cha Nusura kina kila kilicho chake. Kijana alikubali. Aliondoka na mama yake wakishika njia ya reli, yeye mbele, mama nyuma na kitambaa cha mihogo kichwani, mpaka mvua ikawafuta.

*

Asubuhi barabara ya Pangani ilikuwa imejaa ukungu. Walipopita Tongoni hata minazi haikuonekana, vivuli vyake tu, na mara moja moja mwanamke na ndoo akitokea pembeni na kutoweka. Castory aliendesha pole. Alisema ameacha kubeti. Zuleha alimwambia amweleze mkewe, siyo yeye.

Kwenye mto waliingia pantoni pamoja na pikipiki mbili na mzee mwenye mbuzi. Maji yalikuwa mazito ya rangi ya udongo, yanateremka bila sauti, na ng'ambo haikuonekana mpaka ilipowafikia.

Nyumba ya Bi Hafsa, mama yake Asmahani, ilikuwa juu kidogo ya gati la Bweni. Matanga yalikuwa yameanuliwa, jamvi moja tu limebaki barazani. Juu yake alikaa Uweso, mume wa marehemu, mtu mkubwa wa mwili, mkwezi wa minazi, magoti ameyakumbatia. Jirani aliyewaelekeza alishawanong'oneza njiani: tangu mazishi Uweso hajaingia ndani. Chakula hupelekewa barazani na watoto wa majirani, mkwewe hasemi naye, wala yeye hasemi na mkwewe.

Zuleha alivua viatu, akaketi jamvini, akatoa pole. Kisha akamweleza. Alimweleza taratibu, bila vyumba wala misimbo: kuna mashine Tanga inayopokea simu za Nusura, mtu aliipunguza nguvu kwa ajili ya kazi nyingine, na aliyefanya hivyo amekamatwa na amekiri.

Uweso alisikiliza akitazama gati. Zuleha alipomaliza, macho ya Uweso yalikuwa bado huko huko, hata akadhani hakuelewa.

"Kwa hiyo ile simu yangu," alisema, "ilifika?"

"Ilifika."

"Kwao wenyewe?"

"Kwao wenyewe, kaka. Ikawekwa foleni."

Akaanza kueleza, na maneno yalitoka kama mtu anayetoa miiba. Alikuwa na damu mikononi, simu inateleza. Alipopiga, badala ya mtu ukaja muziki. Muziki laini, kama wa harusini. Akadhani amekosea namba, ameingia kwa watu wengine. Akakata. Akapiga tena, muziki. Akakata tena. Asmahani alikuwa anamtazama. Mara ya mwisho alimuuliza, vipi, hawapokei? Akamjibu, nakosea namba, mke wangu. Na mama alikuwa amekaa pale pale kichwani kwake, akasikia.

"Muziki ndio foleni yao," Zuleha alisema. "Namba ilikuwa sahihi. Kila ulipopiga ilikuwa sahihi."

"Lakini nilikata. Nisingekata?"

Zuleha alikuwa ameliuliza swali hilo jana yake, kwa watu wa Nusura, kwa sababu alijua kuna mahali litaulizwa. Alimtazama usoni akamjibu.

"Waliosubiri bila kukata walisubiri mpaka magharibi. Hakuna aliyejibiwa kwa wakati ule. Hata mmoja."

Uweso aliinamisha kichwa juu ya magoti. Mabega yake yalitikisika bila sauti, kisha yakatulia. Alipoinua uso hakujifuta. Akasema kwa sauti ndogo:

"Mwambie mama."

Zuleha alinyanyuka, akabisha hodi, akaingia. Bi Hafsa alikuwa amekaa ukumbini kwenye kitanda cha kamba, mtoto mapajani, amemfunika kwa upindo wa kanga. Zuleha alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa mbali. Akasema yote tena, kwa mpangilio ule ule, na la mwisho alilisema mara mbili: namba ilikuwa sahihi, mama. Hakukosea.

Bibi aliendelea kumpigapiga mtoto mgongoni, polepole, akitazama mlango uliokuwa wazi na mgongo ule mkubwa uliojaa pale barazani. Nje ukungu ulikuwa unaanza kupasuka, na pantoni ikasikika ikirudi Pangani.

Kisha akasimama. Alipita mbele ya Zuleha kama hamuoni, akavuka kizingiti, akasimama juu ya jamvi.

"Uweso," alisema. "Mkono wangu umechoka, mwanangu. Mshike huyu."